Jina na Fundi: Kutambua Kamera za Kale za Mbao

Hapa Kiuyu, kisiwani Pemba, chombo cha baharini hubeba jina alilolipenda mwenyewe. Jina la fundi aliyekiunda haliandikwi. Hata hivyo, mjuzi akizitazama mbao na misumari, humtambua fundi. Hivyo ndivyo ipasavyo kuchunguzwa kamera ya kale ya mbao, mfano wa zile za karne ya 19, wakati Mgoa A. C. Gomes alipokuwa akipiga picha Unguja.

Jina lililochorwa kwenye lenzi aghalabu ni la aliyeiunda lenzi hiyo tu, na lenzi huhamishika. Kibao cha shaba au cha pembe kilichopigiliwa ubaoni nacho aghalabu huwa cha muuzaji, aliyenunua kazi ya fundi mwingine akaitia jina lake. Umbo nalo halitoshi: kamera ya kukunjika aliyoitoa George Hare wa London mwaka 1882 iliigwa na wengi.

Basi hapana budi kuyapima makazi ya kioo cha picha, kuutambua mti, ama mkangazi ama msaji, na kuzikagua bawaba, maungio na nambari zilizogongwa ndani. Kamera za nchi za joto ziliundwa kwa msaji na kukazwa kwa shaba, ili gundi ikilegea mbao zisiachane.

Mwanafunzi atakayeliona sanduku la namna hiyo asilisugue wala kulipaka rangi. Alama ikifutika, fundi hana tena shahidi.