Alfajores: Biskuti za karameli za Argentina na namna ya kuzioka nyumbani

BISKUTI mbili laini zilizoshikanishwa kwa karameli ya maziwa: hiyo ndiyo alfajor, kitafunwa kinachopendwa mno nchini Argentina na katika nchi jirani ya Uruguay.

Jina hilo lina asili ya Kiarabu, na silabi yake ya kwanza, "al", yadhihirisha hivyo. Chimbuko lake ni kusini mwa Hispania, eneo lililotawaliwa na Waislamu kwa karne nyingi kuanzia mwaka 711. Mji wa Medina Sidonia ungali ukitengeneza alfajor ya asali, lozi na viungo. Wahispania walipoivusha bahari hadi Amerika Kusini, asali iliipisha karameli.

Mahitaji

Wanga wa mahindi gramu 150, unga wa ngano gramu 100, siagi gramu 100, sukari gramu 75, viini vya mayai 2, beking pauda kijiko 1 cha chai, ganda la limau lililokunwa na nazi kavu iliyokunwa.

Wanga wa mahindi ni ule unga mweupe, mororo, wa kutengenezea kastadi. Si unga wa ugali. Huo ndio unaoifanya biskuti imumunyike mdomoni.

Karameli

Katika sufuria pana na nzito, chemsha lita 1 ya maziwa, sukari gramu 250 na robo kijiko cha chai cha beking soda. Punguza moto, koroga mara kwa mara kwa saa moja na nusu hadi mbili, mpaka iwe nzito na ya hudhurungi. Anayeharakisha kwa moto mkali huunguza maziwa, na ladha ya kuungua haiondoki. Wapo wanaochemsha kopo la maziwa mazito bila kulifungua. Ni hatari, kwani maji yakipungua kopo laweza kupasuka.

Kuoka

Piga siagi na sukari, tia viini na ganda la limau, kisha unga wote na beking pauda. Usikande sana. Pumzisha donge kwenye jokofu nusu saa, lisukume kwa unene wa nusu sentimita, ukate viduara. Oka kwa nyuzi joto 180 za Selsiasi, dakika 8 hadi 10. Zitoe zingali nyeupe. Zikigeuka kahawia zimekwisha kukauka.

Zikipoa kabisa, zibandike mbili mbili kwa karameli na kuviringisha kingo zake katika nazi. Zifunike hadi kesho yake, kwani ndipo hulainika na kunoga zaidi.