Je, Tunaweza Kurudi? Hoja kuhusu Kurekebisha Uoni bila Leza

Mjadala wa kurekebisha uoni umezoea kuanzia kwenye leza, kisha ndipo huulizwa asiyeifaa apewe nini. Makala hii inadai kwamba swali la kwanza ni jingine: tiba ikikosea, au jicho lenyewe likibadilika, tunaweza kurudi tulikotoka?

Leza haina marejeo. Huchonga konea, kioo cha mbele cha jicho, na kilichochongwa hakioti tena. Tuchukue mtu asiyeona mbali, mwenye konea ya mikromita 480 na miwani ya dayopta 10. Katika upasuaji wa LASIK, kifuniko kinachofunuliwa huchukua mikromita 110 hivi, na kila dayopta humega takriban 14. Chini ya kifuniko hubaki 230, ilhali madaktari wengi hawashuki chini ya 250, kwa kuchelea konea kudhoofika na kuchongoka kama pia. Mtu huyu anafaa zaidi lenzi ya kupandikizwa, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Hutiwa nyuma ya duara la rangi, mbele ya lenzi ya asili. Konea haipunguzwi, na ikilazimu lenzi hutolewa. Hatari zipo: mtoto wa jicho, presha ya jicho kupanda. Tena jicho lisilo na kina cha kutosha hapo mbele haliwekewi.

Zipo pia lenzi ngumu za kulala nazo. Huibonyeza konea usiku, na mchana mtu huona bila miwani. Akiziacha, jicho hurudia umbo lake baada ya siku au wiki chache. Ila zinataka usafi wa kweli. Maji ya bomba yasiziguse kabisa, kwani huweza kubeba acanthamoeba, kimelea ambacho kidonda chake hupofusha.

Kigezo hiki cha kuweza kurudi hakiibebi kila njia isiyo ya leza. Kutoa lenzi ya asili iliyo nzima na kuweka ya bandia, ufundi uliotokana na kazi ya Harold Ridley jijini London mwaka 1949, nako hakuna kurudi. Kwa mzee ambaye mtoto wa jicho ameanza kumnyemelea, sawa. Kwa kijana asiyeona mbali kabisa, ni kumpokonya uwezo wa kusoma karibu bila msaada na kumwongezea hatari ya retina kubanduka.

Miwani, tunayoidharau, huvuliwa kwa sekunde moja. Katika jaribio la Assam, India, lililochapishwa mwaka 2018, wachuma chai wa miaka 40 na zaidi waliopewa miwani ya karibu waliongeza tija kwa takriban asilimia 22 kuliko wenzao wasiopewa. Wala leza ya ujanani haizuii uoni wa karibu kufifia kwa umri: aliyefanyiwa akiwa na miaka 25, akifika 45 huenda akaitafuta miwani hiyo hiyo ya kusomea.

Kwa hiyo kliniki inayouza leza iwajibike, kabla ya mgonjwa kutia saini, kumwonyesha vipimo vya konea yake, mikromita zitakazobaki, na bei ya kila njia inayoweza kutenguliwa.