Harufu kali kidimbwini si ishara ya usafi

WENGI waingiapo katika jumba lenye kidimbwi cha kuogelea na kupokewa na harufu kali ya dawa huamini kuwa maji yametiwa klorini kupita kiasi. Aghalabu mambo huwa kinyume. Harufu hiyo, pamoja na kikohozi na macho kuwasha, husababishwa na kloramini, ambazo hutokea klorini inapokutana na jasho na mkojo wa waogeleaji. Klorini iliyokwisha kufungwa hivyo ni dhaifu mno katika kuua viini.

Kidimbwi kidogo cha ndani chenye maji ya uvuguvugu huathirika upesi zaidi: maji ni machache, joto humaliza dawa haraka na hakuna upepo wa kuondoa mvuke.

Kabla ya kuongeza dawa, sharti kiwango cha pH kipimwe. Kinachofaa ni kati ya 7.2 na 7.8. Kikiwa 7.5, takriban nusu ya klorini huru huwa katika hali yenye nguvu. Kikifika 8, hubaki kama robo tu. Anayemwaga klorini bila kupima anamwaga fedha.

Kloramini zikizidi, hutiwa klorini nyingi kwa mkupuo mmoja, waogeleaji wakiwa wameondoka na madirisha yakiwa wazi. Tindikali ya kushusha pH isikutanishwe kamwe na klorini nje ya maji ya kidimbwi, hata kwa masalio ya ndoo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua. Vilevile, dawa ndiyo hutiwa majini, wala si maji kumiminiwa dawa.