Goma: Biashara Iliyosubiri Saini ya Mume

Agosti 2, 1913, serikali ya kikoloni ya Wabelgiji ilitoa dekrii kuhusu wafanyabiashara wa Kongo. Ndani yake mlikuwa na kifungu kifupi: mwanamke aliyeolewa hawezi kuwa mfanyabiashara bila idhini ya mumewe. Miaka 12 baadaye, Aprili 1925, ikaanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Albert, ya kwanza barani Afrika, ambayo leo ndiyo Virunga. Utalii wa mji jirani wa Goma ulizaliwa ukakuta kifungu hicho kimekwisha kuota mizizi.

Kwa hiyo anayetaka kuwaona wanawake walioubeba utalii huo asihangaike na rejista ya biashara. Aende Kituku, ufukweni mwa Ziwa Kivu, alfajiri, wavuvi wanapotoka kuvua usiku kucha. Mama anainamia karai la sambaza, anazichambua kwa vidole, anabishana bei, kisha anajitwika karai na kupanda nalo mjini kabla jua halijawa kali. Samaki hawa wadogo hawakuwa wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo mgeni hawezi kusema ameila Goma bila kuwaonja wakiwa wamekaangwa wakakauka, pilipili pembeni.

Mtaji ulitoka wapi? Kwenye likilemba. Kila mmoja anatoa chake, na fungu lote linachukuliwa kwa zamu. Huko hakuna aliyeulizwa mumewe yuko wapi. Aliulizwa kama zamu ijayo atalipa.

Uhuru haukuuondoa mzigo wa idhini ya mume. Kanuni ya Familia ya Agosti 1, 1987, kifungu cha 448, bado ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kisheria kufanya kazi yoyote yeye mwenyewe. Ruhusa hiyo iliondolewa Julai 15, 2016, wanandoa wakatakiwa kukubaliana. Kufikia hapo Goma ilikuwa imekwisha kukatwa katikati na lava ya volkeno ya Nyiragongo, Januari 2002, na kutekwa na waasi wa M23, Novemba 2012.

Sheria ilimbana aliyeolewa; mjane haikumgusa. Inauma kuliandika hili, maana Rumangabo, makao makuu ya Virunga, wapo wajane wengi. Zaidi ya walinzi 200 wa hifadhi wameuawa kazini. Wake zao wana karakana ya kushona huko: wanakata kitambaa, wanajaza, wanafunga mshono, na mikononi mwao anatokea ngagi mdogo wa kununuliwa na mtalii. Ndiye yule yule sokwe wa milimani ambaye waume zao walifia kumlinda.

Mei 11, 2018, mlinzi Rachel Masika Baraka aliuawa akiwalinda wageni, na hifadhi ikafungwa kwa watalii hadi Februari 2019. Machi 2020 korona ikaifunga tena. Januari 2025 M23 waliiteka Goma, na uwanja wa ndege ukafungwa.

Hapo ndipo biashara hizi mbili zinapoachana. Sambaza zisiponunuliwa na hoteli, mama wa Kituku atazipeleka kwa jirani, zitaliwa na bugali jioni hiyo hiyo. Ngagi wa kitambaa haliwi. Anakaa rafuni Rumangabo, akimsubiri msafiri.