Chapa, Jeraha au Donda: Maana ya Stigmata

Mtu akisimama karibu na malango ya kiwanda cha nyama cha Athi River, wakati malori yanapoteremsha ng'ombe waliotoka mbali, ataona pajani mwa wengi wao herufi au tarakimu zilizochomwa kwa chuma cha moto, mahali ambapo manyoya hayaoti tena. Na mchungaji akiulizwa hiyo ni nini, atajibu kwa neno moja: chapa. Neno hilo ndilo lililo karibu kabisa na asili ya istilahi ya Kikristo inayowatatiza wafasiri wetu, yaani stigmata, ambayo ningependa kuieleza kwa utuvu, maana aghalabu hutajwa kwa mshangao kuliko kwa ufahamu.

Kwa Wayunani wa kale stigma, ambayo kwa wingi ni stigmata, ilikuwa alama iliyodungwa au kuchomwa katika ngozi ya mtumwa, hasa mtoro aliyekamatwa, ili kila amwonaye ajue kwamba ana bwana. Herodoto, mwanahistoria wao, asimulia habari ya hekalu la Herakle kwenye mlango mmoja wa mto Nili, ambamo mtumwa yeyote aliyekimbilia humo, akapigwa alama takatifu na kujitoa kwa mungu yule, hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kumgusa tena. Alama ya aina ileile iliyokuwa fedheha ya utumwa ikawa hifadhi. Naye Paulo, alipokuwa akiufunga waraka wake kwa Wagalatia, akataka mtu yeyote asimtaabishe kwa kuwa mwilini mwake mna alama za Yesu, alitumia neno hilo hilo, akikusudia, kwa rai ya wafasiri wengi, makovu ya mijeledi na mawe aliyopigwa. Na wale waliotutolea Biblia ya Union mwaka 1952 wakaandika "chapa". Naona walipatia barabara. Katika nchi hii ya Machakos, ambako mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakamba kuuza ng'ombe wao kwa hoja ya kupunguza mifugo, huku kiwanda cha Liebig hapa Athi River kikiwangoja wanyama hao, hata Muindi Mbingu akawaongoza watu wengi mpaka Nairobi kumdai Gavana haki yao, hapana haja ya kumfundisha mtu kwamba kuuliza mnyama ni wa nani ni kuuliza jambo zito.

Walakini baada ya karne nyingi neno likachukua maana nyingine. Mnamo Septemba 1224, Fransisko wa Assisi alikuwa amejitenga katika mlima wa La Verna, akifunga na kusali, akajiwa na maono ya serafi mwenye mabawa sita aliyesulubiwa. Na maono yalipoondoka, mikononi, miguuni na ubavuni mwake zikabaki alama za Msalaba. Tomaso wa Celano, aliyeandika sira yake miaka michache tu baada ya kifo chake cha mwaka 1226, hataji matundu mikononi, bali vinundu vya nyama vilivyofanana na vichwa vya misumari, vyeusi kama chuma, pamoja na ubavu uliotoboka na kutoa damu mara kwa mara. Fransisko aliyasitiri mambo hayo kwa bidii, hata ndugu zake wengi hawakuyaona mpaka alipokuwa maiti.

Tuyaiteje basi? Wakatoliki wanaoandika Kiswahili wamezoea kusema "madonda matakatifu", nami nawaunga mkono, kwa kuwa lugha yetu huyatenga majina haya kwa majira. Jeraha ni la siku ile chuma kinapoingia. Kovu ni la baada ya mwili kujifunga. Donda ni la muda mrefu ulio kati ya hayo mawili, nalo hukaa bila kupona, ndiyo sababu twasema donda ndugu. Padre Pio wa Pietrelcina, Mkapuchini, alitokewa na alama hizo tarehe 20 Septemba 1918 huko San Giovanni Rotondo, akakaa nazo miaka hamsini, akizifunika kwa glavu zisizo na vidole. Waganga walitumwa kumchunguza, wakaona madonda hayo hayaozi wala hayafungi. Wako waliosema ni nguvu ya nafsi juu ya mwili, na wako waliomshuku kuwa anajipaka dawa ya kuchoma. Kanisa lenyewe halikuwa na pupa: mwaka 1923 lilitamka rasmi kwamba haijathibitika kuwa mambo hayo yamepita maumbile, na lilipomtangaza mtakatifu mwaka 2002 lilipima fadhila za maisha yake, si ngozi yake. Waliomwosha alipofariki Septemba 1968 walishuhudia kwamba hapakuwa na hata kovu. Donda lililotoweka bila kupitia ukovu! Hapo ndipo mpangilio wetu wa majina unapokwama, na ni haki ukwame.

Mfasiri ajihadhari pia na umoja wa neno stigmata, kwani waganga wa leo wanapotaja stigma ya ukimwi au kifua kikuu hawasemi habari ya ngozi hata kidogo, bali ya kutengwa na watu, na jambo hilo Kiswahili kimelipa jina lake zuri, unyanyapaa.

Katika hao waliopata alama za Msalaba, aliyenishughulisha zaidi ni Katarina wa Siena. Mwaka 1375, mjini Pisa, alipokuwa akisali mbele ya msalaba, alipata mateso yale yale, akamwomba Mola alama zisionekane kwa watu. Zikafichika, maumivu yakabaki. Hapo "chapa" haitoshi, maana chapa huwekwa ili ionekane, na "donda" pekee litamfanya msomaji atafute damu isiyokuwapo. Mimi huandika "madonda yasiyoonekana", na mhariri anayeona maneno mawili ni mengi namsihi asilifute la pili, kwa kuwa ndilo alilolililia Katarina.