Maeneo ya Wazi na Suala la Umiliki katika Mji wa Riverside, Illinois

Historia ya bustani za Riverside, mji ulioko takriban maili 9 magharibi mwa kitovu cha Chicago, aghalabu husimuliwa kama historia ya uzuri: barabara zinazopinda, miti na mto Des Plaines. Masimulizi hayo hufunika suala la umiliki. Mwaka 1869, Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux walisanifu ekari 1,600 kwa niaba ya Riverside Improvement Company, kampuni iliyokusudia kuuza viwanja kwa faida. Hata hivyo, kingo za mto na nyasi za wazi zilitengwa ziwe za wote, na nyumba zikatakiwa kukaa futi 30 kutoka barabarani. Huu haukuwa ukarimu. Kivuli kilitarajiwa kupandisha bei. Moto wa Chicago wa mwaka 1871 na msukosuko wa fedha wa 1873 viliiangusha kampuni. Bustani hazikuanguka nayo. Yaelekea sababu ni kwamba walionunua viwanja walikuwa wamenunua pia, kwa bei ileile, ahadi ya nyasi zile. Na mwaka 1875 wakazi waliunda serikali yao ya mji.