Kupima Kabla ya Kuamini: Toka Mashamba ya Amani Hata Programu za Kompyuta

Kila kazi ya mkono wa mtu ina saa mbili za hukumu. Saa ya kwanza ni ile fundi anapoitazama mwenyewe na kuridhika. Saa ya pili ni ile dunia inapoitumia. Baina ya saa hizi mbili upo mwanya, na katika mwanya huo ndimo hasara nyingi zilimozaliwa. Makala hii yataka kueleza jinsi watu walivyojifunza kuuziba mwanya huo kwa majaribio, na hasa jinsi majaribio yalivyotoka mkononi mwa mtu yakakabidhiwa mashine. Mfano wetu utakuwa mkoa wa Tanga, kwa kuwa mkoa huo umepata somo hili zaidi ya mara moja, na kila mara kwa gharama.

Tuanze milimani. Katika miaka ya 1890 walowezi wa Kijerumani walipanda kahawa katika Usambara ya Mashariki. Waliona msitu mnene, miti mirefu na mvua ya kutosha, wakahukumu kwamba ardhi izaayo msitu kama ule haiwezi kukataa mbuni. Walipanda kwanza, wakapima baadaye. Udongo ulikuwa mchovu kuliko ulivyoonekana, kwani utajiri wa msitu ulikuwa katika miti na majani yaozayo, na miti ilipokatwa utajiri ule ulikwenda nayo. Mashamba yalidhoofika mwaka hata mwaka, na fedha nyingi zikapotea.

Mwaka 1902 ilianzishwa huko huko Usambara taasisi ya Amani, ambayo kazi yake ilikuwa kinyume cha mwendo ule wa kwanza: kupanda kidogo, kuandika yaliyotokea, kulinganisha, na kisha kumshauri mkulima. Wakati huo pwani ya Pangani ilikuwa imekwisha kutoa mfano wa subira. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ikaota ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yalienea mashamba yaliyoifanya Tanga ijulikane ulimwenguni kwa katani. Baadaye Amani, na kituo cha Mlingano kilicho kati ya Tanga na Muheza, vilitumia miaka mingi kuchanganya mbegu za mkonge, hata ikapatikana ile iitwayo kwa namba yake, H.11648. Mkonge hauna haraka. Atakaye kujua thamani ya mche mpya hana budi kuungoja miaka mpaka utoe mlingoti, akihesabu majani yake tangu la kwanza hata la mwisho.

Wasiopenda kungoja nao waliacha funzo lao. Mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa, nje ya mkoa wetu, ulianzishwa kwa matrekta mengi na majaribio machache. Ulipofungwa mwaka 1951 Serikali ya Uingereza ilikuwa imepoteza fedha zinazokadiriwa kuwa paundi milioni 36. Udongo wa Kongwa hukauka ukawa mgumu kama saruji, na jambo hilo shamba dogo lingalilionyesha kwa msimu mmoja.

Sasa na tuvuke kwenda kwenye shamba jingine, ambalo mbegu zake ni maneno na udongo wake ni mashine. Kompyuta za kwanza zilipoanza kufanya kazi Uingereza, watengenezaji wake walitambua mapema kwamba kuandika programu ni kazi nyepesi kuliko kuhakikisha kuwa haina kosa. Mwezi wa Juni 1949, katika mkutano uliofanyika Cambridge, Alan Turing alisoma makala fupi juu ya namna ya kukagua programu ndefu. Alitoa mfano wa hesabu ya kujumlisha. Mtu akipewa jumla peke yake hana budi kuirudia hesabu yote ili aihakiki. Lakini akiandikiwa na tarakimu zilizobebwa toka safu moja kwenda nyingine, anaweza kuikagua kila safu kwa nafsi yake. Kadhalika programu: mwandishi na aseme wazi, mahali baada ya mahali, jambo gani lapasa kuwa kweli hapo, ili kila neno lipimwe peke yake.

Rai hiyo ilikuwa njema, walakini kwa miaka mingi upimaji ulibaki kazi ya macho na vidole. Mtu alikaa mbele ya kompyuta, akajaza, akabonyeza, akatazama, akaandika. Kesho yake programu ilibadilishwa mahali pamoja, na ilimpasa aanze upya toka mwanzo. Nani awezaye kufanya hivyo mara mia bila kuchoka? Aghalabu alipima pale palipobadilishwa tu, na kosa likatokea pale pasipotazamwa.

Dawa ya uchovu huo ilikuwa kuandika programu ya kuipima programu. Katika miaka ya 1990 Mmarekani Kent Beck alitunga chombo cha namna hiyo kwa lugha ya Smalltalk. Na mwaka 1997, katika safari ya ndege toka Zurich kwenda Atlanta, yeye na Erich Gamma waliandika JUnit kwa lugha ya Java. Mwandishi wa programu huandika swali pamoja na jibu lake sahihi. Mashine huuliza, hulinganisha, na huonyesha alama ya kijani au nyekundu. Programu za mtandao zilileta taabu mpya, kwa kuwa mtumiaji wake hukutana nazo ndani ya kivinjari. Mwaka 2004 Jason Huggins, aliyekuwa akifanya kazi Chicago katika kampuni ya ThoughtWorks, alianzisha Selenium, chombo kinachokiendesha kivinjari kama mtu: kufungua ukurasa, kujaza nafasi, kubonyeza na kusoma kilichoandikwa. Mwaka huo huo Kohsuke Kawaguchi alianza kazi iliyozaa Jenkins, mtumishi ambaye kila msimbo ubadilishwapo huamka mwenyewe na kuyaendesha majaribio yote. Hapo ndipo jaribio lilipopata sifa ambayo mtu hana, yaani kutochoka.

Msomaji aweza kuuliza: haya yanaihusu nini Tanga? Jibu limo katika zahanati. Tangu mwaka 1993 taarifa za afya za nchi zilikusanywa katika vitabu vya MTUHA, ambavyo wauguzi huvijaza kwa kalamu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 muhtasari wa vitabu hivyo ulianza kuingizwa katika DHIS2, programu ya mtandao iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki sana kuisimika nchini. Kisha ulikuja mpango ulioanza mwaka 2013 wa kuandikisha chanjo za watoto kwa njia ya kompyuta. Mpango huo ulitangulia Arusha, kisha ukafika Tanga na Kilimanjaro. Mtoto aliyekuwa mstari katika daftari akawa kumbukumbu katika seva, na muuguzi akapewa kishikwambi.

Daftari likikosewa, kosa hukaa katika ukurasa mmoja wa zahanati moja. Programu ikikosewa, kosa huenea mkoa mzima kwa siku moja. Kwa hiyo na tufikiri kwamba tumekabidhiwa programu ya namna hii, tuipangie majaribio. Tutaanza wapi?

Tutaanza na kanuni zenyewe, kwa kuwa ndizo roho ya kazi. Ratiba ya nchi yetu humpa mtoto chanjo ya kifua kikuu azaliwapo, ile ya pentavalenti katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ya surua na rubela katika mwezi wa 9 na wa 18. Mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Machi 2016 alipaswa kupata pentavalenti tarehe 12 Aprili, 10 Mei na 7 Juni, na surua tarehe 1 Desemba. Haya ni maswali yenye majibu yasiyo na ubishi, na mashine huweza kuyauliza maelfu kwa muda wa kumeza mate.

Lakini tarehe ina hila zake. Kwa hesabu yetu ya pwani siku huanza magharibi. Mtoto aliyezaliwa Alhamisi saa tatu usiku, bibi yake atasema amezaliwa usiku wa Ijumaa, na kalenda ya ofisini itasema Alhamisi. Kompyuta nayo ina magharibi yake. Seva nyingi hufuata saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Tarehe 1 Machi ikihifadhiwa kama mwanzo wa siku hiyo, saa sita kamili usiku kwa saa za Tanga, seva huiona kuwa bado ni saa tatu usiku ya siku iliyotangulia; na kwa mwaka 2016, mtoto wa Machi hugeuka kuwa mtoto wa tarehe 29 Februari. Kosa ni la siku moja tu. Walakini kadi ya mama na kishikwambi vikihitilafiana, muuguzi ataamini kipi? Jaribio la mistari mitano lingemwondolea shaka hiyo.

Jaribio la pili ni la mapacha. Hasani na Huseni wana mama mmoja, kijiji kimoja na siku moja ya kuzaliwa. Programu inayojidai kuwa hodari wa kuondoa kumbukumbu zilizorudiwa yaweza kuwafanya mtu mmoja, na mmoja wao akakosa chanjo huku vitabu vikishuhudia kwamba amechanjwa. La tatu ni la mtandao unaokatika. Kishikwambi kilicho bondeni Lushoto hutuma habari, seva huzipokea, lakini jibu hupotea njiani. Kishikwambi hutuma tena. Dozi moja isihesabiwe mbili. Jaribio na litume habari ile ile mara mbili kwa makusudi, kisha lihesabu.

Majaribio ya kanuni yawe mengi, maana ni mepesi. Yale ya kuunganisha seva na hifadhidata yawe machache zaidi. Yale ya kuendesha kivinjari toka mlango wa kwanza hata wa mwisho yawe machache kuliko yote, kwani huenda polepole na huvunjika kwa kubadilishwa kitufe kimoja. Yote yaendeshwe kila msimbo ubadilishwapo, na alama nyekundu izuie toleo jipya lisitoke. Watoto wa majaribio wawe wa kubuniwa: siri za wagonjwa si mali ya fundi, na tangu mwaka 2022 nchi ina sheria ya kulinda taarifa binafsi. Na kila kosa litakaloletwa na muuguzi liandikiwe jaribio kwanza, ndipo lisahihishwe, ili lisirudi tena kwa mlango wa nyuma. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hata hivyo tusiiabudu mashine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Edsger Dijkstra aliwaonya wenzake kwamba majaribio huonyesha makosa yaliyopo, wala hayawezi kuthibitisha kuwa hakuna mengine. Mashine hujibu lile iliyoulizwa. Haitauliza yenyewe juu ya mapacha asiyewahi kuwasikia, wala haijui kwamba usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wake. Haioni foleni ya kina mama barazani wala uchovu wa muuguzi aliye peke yake. Maswali hayo hutoka kwa mtu anayeijua nchi, na ndiyo sababu kazi hii yataka vijana wa hapa wenye elimu ya kompyuta na masikio ya kuwasikiliza bibi zao.

Nahodha wa Pangani hakitii deheni chombo chake mara moja kwa maisha. Kila msimu hukipandisha pwani, hukitazama ubao kwa ubao, kisha hukirudisha majini, kwa kuwa bahari haikumbuki kazi ya mwaka jana. Programu nayo iko baharini kila siku. Walioshindwa katika Usambara na Kongwa hawakukosa bidii wala fedha. Walikosa shamba dogo la kujaribia. Sisi tunaweza kulipanda shamba hilo kwa mistari michache ya msimbo, likavunwa kila usiku wakati sisi tumelala; na mavuno yake ni mtoto mmoja wa Mkinga au Handeni ambaye jina lake halikupotea.